Tangi la Samaki Chini ya Blanketi

Haya yalimkuta rafiki yangu Yusta, mhudumu wa gesti moja pale Mikumi, kando ya barabara kuu. Mwenye gesti alimtaka alifufue tangi la samaki la mapokezi. Yusta, aliyekuwa akifua mashuka tangu alfajiri, akatoa stoo kigogo cha zamani kilichookotwa mto Mkondoa, akakisugua kwa brashi, akakichemsha mara mbili, akakizamisha tangini kiwe pambo.

Wiki haikuisha, ukoga wa kijani ukatanda kwenye kioo. Akashauriwa alinyime tangi mwanga siku tatu ili ukoga ufe. Akalifunika kwa blanketi zito, akashukuru kupunguziwa kazi moja.

Siku ya tatu, mchana, akiwa anasinzia kitini, alisikia kioo kikilia kwiii, kwiii, kama kinafutwa kwa kitambaa kibichi. Sauti ilitoka gizani, chini ya blanketi.

"Mama Magdalena," alimwita mpishi aliyekuwa jikoni, "ni wewe unayefuta vioo?"

"Nifute saa ngapi, mwanangu, na vitunguu vyote hivi?"

Sauti ikakoma. Yusta alikuwa amechoka mno hata asiweze kuogopa. Akainuka, akalivuta blanketi.

Maji yalikuwa yamekolea rangi ya kigogo kama chai ya rangi, na samaki wote wamejibana kona moja. Ukoga ulikuwa bado umetanda kioo kizima, isipokuwa duara moja safi, kubwa kama sahani, kama abiria anavyofuta dirisha la basi lenye ukungu ili achungulie nje. Yusta akapapasa kioo. Kwa nje kilikuwa kikavu. Duara lilikuwa limefutwa kwa ndani, likielekea kiti alichokalia akisinzia.