Alama Tatu za Uongo

Kila jioni mama alipokwenda zamu kiwandani, Kidoti alibaki na mdogo wake wa miaka minne. Aliosha vyombo, akakunja nguo, kisha akafanya hesabu za shule. Wiki ile kazi iliongezeka. Mdogo wake aliugua nimonia, na daktari alitoa dawa ya maji pamoja na kadi ya kutia alama kila dozi inapomezwa.

"Ya asubuhi nitampa mimi, ya jioni utampa wewe, mwanangu," mama alisema. "Usiruke hata moja."

Mtoto aliichukia dawa ile. Aliitema, akalia hadi majirani wakachungulia. Jioni ya kwanza Kidoti alimbembeleza mpaka akameza. Ya pili uvumilivu ukamwisha. Akafunga chupa, akatia alama kwenye kadi. Ya tatu na ya nne akafanya vilevile. Homa si ilikuwa imeshuka?

Asubuhi ya siku ya tano mtoto alihema kama aliyetoka mbio, mbavu zikibonyea kila alipovuta pumzi. Mama alimbeba mgongoni, wakaenda na Kidoti hospitali mbio mbio.

Daktari alihesabu pumzi zake, akasikiliza kifua, kisha akasoma kadi. Akakunja uso.

"Dozi zote amemeza na bado anazidiwa. Bakteria hawa wameishinda dawa." Akamgeukia karani wa kumbukumbu, mzee mwenye miwani. "Andika nimonia ya bakteria, sugu kwa dawa. Tutampa dawa kali zaidi. Inaweza kuumiza figo, lakini hatuna jinsi."

Karani alifungua kitabu chenye namba ya kila ugonjwa, aiandike kwenye faili. Kidoti alitazama kidole chake kikishuka mstari kwa mstari. Akisema, mama atajua. Asiposema, je?

"Babu, usiandike kwanza," alisema. "Alama tatu za jioni nimezitia tu. Hakumeza."

Mama alikaa kwenye benchi.

"Jioni tatu? Una hakika?" daktari aliuliza.

"Nina hakika, daktari."

"Basi dawa haijashindwa. Haikupewa nafasi." Akaagiza mtoto alazwe, awekewe oksijeni na adungwe sindano za dawa ya kawaida. Karani akaandika namba ya nimonia ya bakteria, bila neno sugu.

Siku mbili Kidoti hakuonja ladha ya chakula. Ya tatu mtoto aliomba uji, akamaliza, akaomba tena. Ndipo mama akamshika Kidoti mkono, mara ya kwanza tangu siku ile.

Karani alikuwa amepita wodini kuchukua mafaili. Akasimama kando yao.

"Mjukuu wangu, daktari hakuwepo nyumbani kwenu. Anajua yale tu yaliyoandikwa. Ukisahau dozi au ukishindwa, acha kisanduku cha kadi kitupu, useme. Hapo tutajua pa kuanzia. Ukikijaza uongo, unatupotezea njia sisi tunaotaka kumponya ndugu yako."