Usinikabidhi kwa Mwanamume

Mizani ilisema kilo mia na nne. Muuguzi akamtazama mgonjwa aliyesimama juu yake, mwanamke mwembamba wa kupeperushwa na upepo, kisha akailaani mizani moyoni. Mume alikuwa amemwekea mkewe mkono begani. Alipouondoa, mshale ukarudi hamsini na moja.

"Vifaa vyenu vimechoka," mume akacheka.

Muuguzi hakucheka. Miaka kumi na tisa ya kazi ilimpa jicho. Mgonjwa alikuwa na michubuko ya njano ya juma lililopita, na mingine ya jana bado mibichi. Mume naye alijibu kila swali kabla mke hajafungua mdomo. Eti ameanguka bafuni. Bafu gani hilo linaloacha alama za vidole shingoni?

"Tunapima na mkojo," akasema, akimpa mgonjwa kikopo. "Shemeji, utusubiri hapo kwenye benchi."

Hiyo ndiyo mbinu ya wauguzi. Chooni mume hafuati. Mlango wa choo ulipofungwa, wao wawili ndani, akauliza kwa sauti ya chini, "Dada, kuna mtu anakuumiza nyumbani? Ukirudi leo utakuwa salama?"

Kikopo kikamponyoka mgonjwa. "Si yeye, sista. Ni jini. Lilianzia kwa baba. Nilipoolewa, baba akafa siku ileile, likamwingia mume wangu wa kwanza. Nilipomkimbia, naye akafa. Huyu wa sasa alikuwa mpole, wallahi. Linanifuata mimi, linakaa kwa mwanamume aliye karibu nami. Nakuomba, usinikabidhi kwa mwanamume."

Muuguzi akamkumbatia. Alikwisha kuyasikia mara mia: si yeye, ni pombe, si yeye, ni hasira, si yeye, ni shetani. Alimhurumia mno, na huruma hiyo ndiyo iliyomziba masikio. Kwenye fomu akaandika "amepigwa na mume". Habari za jini hakuziandika.

Hapo ndipo harufu ya nywele zinazoungua ikapenya chini ya mlango, na bomba lililofungwa likaanza kukoroma, na sauti ya mume ikasema "Toka" karibu kabisa na sikio la muuguzi, ndani ya choo kile kisicho na nafasi ya mtu wa tatu, naye akachungulia kwenye upenyo wa mlango, akamwona mume palepale kwenye benchi, amefumba mdomo, amefumba macho, mikono juu ya mapaja, ametulia kuliko mtu yeyote aliye hai anavyoweza kutulia.

"Mlango wa nyuma," akamnong'oneza mgonjwa. "Haraka!"

Gari la kituo cha afya lilikuwa uani. Dereva wake waliyemwita Mzee Taratibu hakuwahi kuzidisha mwendo wa arobaini, na aliwapisha hata kuku barabarani.

"Mzee, mpeleke nyumba ya hifadhi. Usisimame popote."

"Bila wasiwasi, mwanangu."

Mgonjwa akaung'ang'ania mlango wa gari. "Sista, huyu ni mwanamume! Nimekwambia!"

"Huyu ni baba yetu sote. Panda, dada, utachelewa." Akamsukuma kwa upole, akafunga mlango mwenyewe.

Aliporudi ndani, watu walikuwa wamejaa kwenye benchi. Daktari alikuwa amepiga magoti, ameshika mkono wa mume.

"Ameshakufa," daktari akasema. "Sasa hivi tu."

Muuguzi akaikimbilia simu. Maneno yote aliyoyasikia chooni yakamrudia moja baada ya jingine, na safari hii akayaamini. Akapiga simu ya dereva huku vidole vikikosea namba. Ikapokelewa. Alisikia injini ikilia kwa mwendo wa kichaa, na nyuma yake mwanamke akilia.

"Mzee! Simamisha gari! Mshushe huyo mama, nakuomba!"

"Umefanya kazi nzuri, shemeji," sauti ikamjibu kwa upole. "Mke wangu amechoka. Namrudisha nyumbani."