Ndege wa Ziwa la Papa Stelios

Rafiki yangu Léontine hana akili ya kutunga uongo, ndiyo maana namwamini. Mwaka 2009 alikuwa akimhudumia mzee Mgiriki huko Fisksätra, kitongoji cha nchi ya baridi kaskazini ya mbali, ghorofa ya nne. Mzee huyo, Papa Stelios kama alivyomwita, alizaliwa kando ya ziwa la milimani, lenye matete na vyura, ambalo maji yake humezwa na shimo la mlima. Kwao walisimulia kwamba ndege wa pale wana manyoya ya shaba yenye makali, na huogopa kelele tu.

“Giza likiingia piga sufuria,” alimwambia, “la sivyo watanichukua.”

“Papa, hivyo ndivyo tulivyofukuza ndege kwenye mpunga kule kwetu Ruzizi,” Léontine alicheka, akapiga. Alipiga kila siku, mpaka jirani mmoja mwenye masikio ya sungura akalalamika, na mkubwa wa kazi akamkataza.

Kesho yake, Desemba, giza liliingia saa tisa alasiri, sufuria kimya. Léontine akiwa jikoni alisikia kwenye balkoni mlio kama visu vinavyodondoka, kimoja kimoja, halafu kimya. Alikimbilia chumbani. Papa alikuwa amelala, anapumua. Kioo cha dirisha kilikuwa kizima. Mto wa kulalia ulikuwa na mikato saba myembamba, iliyokizunguka kichwa chake.