Jina Lililomnyamazisha Mwanangu

Nilikuwa napeleka chai tu. Nataka hilo lijulikane kabla ya yote, kwa sababu huku watu wanasema nilikwenda pale kutafuta utajiri, wengine wanasema nilitumwa na mganga, na mimi nilikuwa na chupa mbili za chai mikononi na mtoto mgongoni, jua linazama kule machimboni Kenyamonta, na ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa kupikia wachimbaji. Dhahabu ilikuwa imeibuka kwenye mashamba ya mihogo ya watu, na ndani ya msimu mmoja palijaa maturubai, karasha za kusaga mawe, baa, wahubiri, na kila mahali mashimo, wao wanayaita maduara. Mume wangu Jairo alikuwa amegongwa na lori barabara ya Sirari akiwa kwenye bodaboda yake, mimba yangu ikiwa kubwa. Mtoto alizaliwa baba yake yuko kaburini. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne kabatini, lakini cheti hakipikiki kikawa uji. Niliposikia wanatafuta mpishi, nikaenda.

Msimamizi, Mseti, alinitazama, halafu akamtazama mtoto.

"Dada, ugali wa wanaume wengi namna hii utauweza?"

"Nitauweza."

"Na hiyo spika mgongoni?"

Vijana wakacheka.

"Analala sana," nikadanganya.

"Sikiliza. Akilia karibu na duara, huna kazi. Vijana wangu wanasema mtoto akilia mwamba unajifunga. Mimi siamini. Lakini mimi sishuki kule chini, wao ndio wanashuka."

Na mwanangu alikuwa mtoto wa kulia. Alilia tangu alipozaliwa. Mama mkwe wangu, Selestina, alisema analilia jina. Kwetu Wajaluo mtoto akilia hivyo, mkubwa wa nyumba anamtajia wafu wa ukoo mmoja mmoja, na yule anayemnyamazia ndiye amerudi kumlinda, jina linakuwa lake. Mama mkwe alikuwa amewataja wote. Hata Jairo alimtaja, kwa machozi, na mtoto akazidi.

"Tungoje, nyar Kadem," aliniambia, maana huniita binti wa Kadem, kwetu ng'ambo ya mpaka. "Mwenye jina bado yuko njiani."

Mimi nilikuwa nimesoma baiolojia. Nikasema moyoni ni gesi tumboni.

Basi jioni ile nipo njiani na chai yangu, mtoto akaanza. Mwanzoni sikujali, karasha zilikuwa zinanguruma, nani angemsikia? Halafu zikazimwa. Zote kwa pamoja, zamu inabadilishwa. Kilio cha mwanangu kikabaki peke yake hewani.

"Nini hicho?" nikamsikia Mseti kwa mbali. "Ni mbuzi?"

Nikaacha njia, nikakimbia kukata kona. Pembeni kulikuwa na duara moja kuukuu, limezibwa kwa miiba, halichimbwi. Nikaketi hapo kwenye magogo, nikamshusha, nikampa ziwa. Akakataa. Nikambembeleza, nikamziba mdomo kwa kanga, nikaogopa nitamuua, nikamwachia. Analia tu. Na mimi nawaza, nikifukuzwa leo kesho tunakula nini, mama mkwe anakula nini...

Nikaanza kutaja majina.

"Odoyo? Olima?" Hao ni wa ukoo wa Jairo. Nikaenda kwa wazee wa kwetu Kadem. Nikataja hata wasionihusu. "Jairo, tafadhali. Jairo!"

Analia.

"Basi wewe ni nani?" nikamfokea, mimi mama yake. "Sema mwenyewe! Jitaje!"

Miiba ikacheza. Hewa ya baridi ikapanda kutoka shimoni, ina harufu ya udongo mbichi, na baruti, na jasho la mwanamume.

Na kule chini kabisa, polepole, kama mtu mwenye mchanga mdomoni...

"Waitara."

Ningekimbia. Kila mtu ananiambia, ungekimbia. Lakini mdomo wangu ulikuwa umezoea kutaja, ulikuwa unataja tu, ukalirudia wenyewe.

"Waitara?"

Mwanangu akanyamaza.

*

Siku zilizofuata kazi iliniendea vizuri mno. Mtoto hakulia asubuhi, hakulia jioni. Mseti akawa anamtania, "Huyu sasa ni mchimbaji, mtafutieni kofia." Tukala. Mama mkwe akanunuliwa sukari. Nikajiambia ile sauti ilikuwa njaa na uchovu.

Lakini akawa hanyonyi mpaka giza liingie. Akaanza kukohoa, kikohozi kizito cha mtu mzima, kile unachokisikia kwenye maturubai alfajiri. Nikimwogesha, maji yanageuka kijivu, na kwenye mikunjo ya shingo nakuta chengachenga za mawe, mtoto ambaye hajawahi kukaa chini! Na nikimlaza anageuka mwenyewe kifudifudi, anaweka sikio sakafuni, macho wazi.

Anasikiliza.

Nilikuwa nafanya kazi na Rhobi, Mkurya, mwanamke wa maneno mengi, hachoki kunicheka ninavyosonga ugali. Jioni moja tunaosha masufuria nikamuuliza, kama vile si jambo.

"Rhobi, Waitara ni nani?"

Sufuria likamtoka mikononi.

"Nani kakutajia?" Alinong'ona. Rhobi, ambaye hajui kunong'ona. "Vivian, nani kakutajia huyo?"

Nikamwambia. Akatazama mgongoni kwangu, akarudi nyuma hatua.

"Lile duara la miiba," akasema. "Magogo yaliyoshikilia kuta yalivunjika, udongo ukamfunika. Walikuwa wanamsikia anagonga mwamba kule chini. Gonga, gonga. Wenye duara wakasema kumfukua ni hasara, na la jirani limeshaonyesha dhahabu. Wakaziba kwa miiba watu wasisogee, wasisikie."

"Alizikwa wapi?"

"Azikwe na nani, mwenzangu? Hajatolewa."

Nikakimbia nyumbani. Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho bila kuniita jina lolote baya. Akamchukua mtoto, akamtazama, akanirudishia haraka.

"Huyu si wa kwetu. Hafukuzwi na mimi, wala na wewe. Atamsikia mmoja tu. Aliyemzaa."

Rhobi ndiye aliyemleta. Mama Waitara alikuja kwa miguu kutoka vilimani, mwembamba, ameshika koti la mwanamume lililokunjwa. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

Alimchukua mtoto, akamnusa utosini, akakaa hapo amefumba macho.

"Mura wane," akasema. Kijana wangu.

Na mwanangu, ambaye hana hata jino, ambaye tangu azaliwe hajawahi, akacheka.

Nikanyoosha mikono nimpokonye, yule mama akamkumbatia zaidi.

"Mama, naomba. Nirudishie wangu."

"Na mimi wangu?" Machozi yanamshuka, sauti haipandi. "Mimi wangu nimwache tena kule?"

Nikashusha mikono. Mimi Jairo wangu nilimwosha, nilimvika soksi, najua alipolala. Yeye alipewa miiba.

"Usimwache," nikasema. "Mwite atoke, mpeleke nyumbani. Lakini usimwache ndani ya mtoto wangu."

Akanirudishia mtoto. Halafu akaanza kulikunjua lile koti la mwanawe.

*

Tulikwenda jua linazama, sisi watatu na mtoto. Rhobi akasogeza miiba kwa jembe. Mama Waitara akatandika koti ukingoni, akapiga magoti, akainamia lile shimo na kuita. Kwa Kikurya, sikuelewa yote. Hakuita kwa ukali. Aliita kama unavyomwita mtoto aliyechelewa kurudi na ng'ombe, chakula kinapoa.

Akaita tena.

Ile baridi ikapanda. Mtoto mikononi mwangu akakakamaa, mgongo ukawa ubao, akafungua mdomo... na hakuna sauti... hakuna...

Halafu akalia.

Jamani, alilia! Kilio chake, kilekile cha zamani, cha kuniudhi, cha kunifukuzisha kazi. Nikacheka, nikalia naye. Yule mama akalikunja koti haraka, akalibeba mgongoni, akalifunga kwa shuka kama anavyofungwa mtoto. Alipoinuka aliyumba. Koti tupu, lakini alikuwa ameinama kama aliyebeba gunia. Akaondoka bila kutuaga, anaongea peke yake njia nzima.

Rhobi akashika jembe arudishe miiba.

Ndipo kule chini mtu mwingine akasema jina lake.

Taratibu. Mchanga mdomoni.

Na mwingine. Na mwingine nyuma yake, sauti changa kabisa. Majina ya Kikurya, ya Kijaluo, ya Kisukuma, ya watu wa mbali nisiowajua, wakapandana, wakasukumana, wengi, wengi! Kumbe ardhi ile kwa chini imetobolewa yote, duara linafika kwa duara. Wote walikuwa wamesikia mmoja wao ameitwa, na ametoka.

"Vivian, kimbia!"

Sikukimbia mara moja.

Kwa sababu katikati ya zile kelele, mwanangu alikuwa amenyamaza.

Amenyamazia lipi? Nilitega sikio. Yalikuwa mengi mno.

*

Kazi niliacha usiku uleule. Sasa tuko Natta, nafua mashuka kwenye kambi moja ya watalii, na mama mkwe anakaa na mtoto mchana. Hakuna duara hata moja huku. Lakini habari zilitutangulia.

Jioni wanakuja wanawake. Wa Tarime, wa ng'ambo, wa kule kule Kenyamonta. Wana mtu aliyekwenda kuchimba na hakurudi, hawana maiti, hawana kaburi. Wanaomba kiti, wanamwinamia mwanangu pale alipolala na sikio lake sakafuni, wanamnong'oneza jina. Hageuki. Wanajifuta uso, wananishukuru, wanaondoka. Mama mkwe anasema niwafukuze. Siwezi. Mimi mwenyewe kila asubuhi, kabla hajaja mtu, namwita Jairo.

Hageuki.

Jana jioni namwogesha, nikasikia hodi. Mwanamke wa rika langu, tumbo kubwa, vumbi mpaka magotini. Alisimama mlangoni. Hakuwa amesalimia, hakuwa amesema ametoka wapi wala anamtafuta nani.

Mwanangu akageuza kichwa. Akamwona. Akamnyooshea mikono yote miwili.

Nikakumbuka Mama Waitara alivyomkumbatia, nikasukuma mlango, nikaweka komeo.

Kumekucha sasa. Bado ameketi pale nje, namwona kwenye upenyo, amejifunika kanga. Hajagonga tena. Anayegonga ni mwanangu, ametambaa mwenyewe mpaka mlangoni, anagonga mbao kwa ngumi yake ndogo. Gonga, gonga. Anapumzika. Gonga.