Mji Nyuma ya Kidole Gumba

Kila asubuhi, kabla ya kunywa uji, Amandine alishuka na bido yake, dumu la manjano la kuchotea maji, hadi kwenye bomba la mtaa, pale Kilibula, mtaa mmoja wa mji wa Uvira, akaipanga nyuma ya bido za wenzake. Bomba lile lilikuwa na tabia zake. Siku nyingine lilitiririsha maji bila kinyongo, siku nyingine lilikohoa hewa tu na kuwaacha watu wakitazamana. Wengine walinung'unika. Amandine hakujali hata kidogo, kwa sababu kutoka pale ziwa lilionekana lote, na ng'ambo yake, chini ya milima, Bujumbura.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu na hakuwa amewahi kukanyaga Bujumbura hata siku moja. Lakini aliipenda. Mvua ikinyesha usiku na kuisafisha hewa, aliweza kuona weupe wa majumba, na ndege zikishuka taratibu upande wa kushoto. Alikuwa akifumba jicho moja, ananyoosha mkono, anainua kidole gumba, na mji mzima unajificha nyuma yake. Akikishusha kidole, mji unarudi. Katika mji ule alikuwa amekwisha kujijengea nyumba ya ghorofa yenye baraza pande mbili, na alikuwa akichagua rangi ya mapazia pale sauti ya nyuma ilipomrudisha Kilibula.

"Weye Amandine, bido yako iko inamwaga maji. Uko wapi?"

"Niko hapa," alijibu, ingawa hakuwa pale hata kidogo.

Baada ya Pasaka, kwaya ya vijana ya parokia yao ilipewa zawadi kwa kuimba vizuri: siku moja Bujumbura, kwenda asubuhi na kurudi kabla mpaka haujafungwa jioni. Vijana kumi na wawili walishangilia hata popo wa darini wakashtuka. Mwalimu Sévère, kiongozi wa kwaya, alisubiri watulie.

"Minye ni mutu wa kijijini, wa Lubarika," alisema. "Buja nimepita tu ndani ya gari, nikienda kwingine. Nani kati yenu anaijua vizuri, atuandikie programu ya ile siku?"

Claude, mwenye sauti nzito kuliko wote, alisema aliwahi kufika akiwa na miaka mitatu, na kitu anachokumbuka ni biskuti. Wote walicheka. Wakati wanacheka, mkono wa Amandine ulipanda juu kabla mwenyewe hajaufikiria.

"Minye niko najua. Niliendaka kule mara mingi, kwa tantine yangu."

Shangazi alikuwepo kweli. Ila aliishi Bwegera, akilima mpunga, na Bujumbura hakuwa na nyumba wala banda. Amandine aliona macho yote yakimgeukia kwa heshima, na heshima ile ilikuwa tamu mno kuirudisha. Mwalimu Sévère alimpa daftari jipya. Programu ingesomwa mbele ya wazazi Jumapili, na wao ndio wangeamua kama watoto wataondoka au watabaki.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa siku za raha. Amandine alikwenda na daftari hadi pale bombani, akakaa kwenye jiwe, akachora ramani kwa kalamu za rangi. Uwanja wa ndege aliuweka kushoto. Bandari katikati, bustani ya mamba na nyoka kando yake, na juu ya kilima ule mnara ambao kila anayetoka Bujumbura huusimulia. Kila alipotaka kujua umbali, alifumba jicho na kupima kwa kidole. Kutoka kwenye ndege hadi kilimani ulikuwa upana wa kucha. Akaandika kwa mwandiko wa madaha: saa tatu, kuona ndege, saa tatu na nusu, kupanda mnarani, saa nne, mamba. Yote kwa miguu, kwa kuwa mji wenyewe ulikuwa mdogo kiasi kile.

Jioni moja alikuja Mapendo, rafiki yake aliyeimba naye sauti ya kwanza. Mapendo alitembea kwa gongo tangu alipoanguka na kuumia nyonga, na hakuna mtu pale mtaani aliyekuwa na sauti nzuri kama yake.

"Mama anauliza kama kule tutatembea sana," alisema. "Kama ni sana, hataniacha niende."

"Hapana. Iko karibu-karibu."

"Kweli? Maana niliisha kumuambia viatu vyangu vipya nitavivaa ile siku."

"Vivae," alisema Amandine, akapaka ziwa rangi ya buluu.

Jumamosi, Mama Émérance alirudi kutoka Bujumbura. Alikuwa jirani yao, mjane mwenye maneno machache, na kila wiki alivuka mpaka wa Kavimvira na mawese yake kwenda kuuza ng'ambo. Amandine alimpelekea maji ya moto, kama kawaida. Mama Émérance alitumbukiza miguu ndani ya beseni na kufumba macho. Miguu ilikuwa imevimba hata viatu vilikuwa vimeacha alama.

"Mama, leo ulitembea kutoka wapi mpaka wapi?"

"Kutoka parking, pale magari yanasimama, mpaka sokoni, kwa mguu. Gari ilikosekana. Basi."

"Hiyo tu?"

Mama Émérance alifumbua jicho moja. "Mwanangu, ile ni saa nzima."

Amandine aliuliza tena, taratibu, kama mtu anayegusa jino bovu: na kutoka uwanja wa ndege hadi kwenye mnara je, mtu anatumia dakika ngapi kwa miguu? Mama Émérance alicheka mpaka maji yakamwagika nje ya beseni. Akamwambia kwamba mtu akianza kutembea asubuhi, mchana atakuwa bado barabarani na jua kichwani, na hapo hajaanza kupanda kilima.

Amandine alirudi nyumbani na daftari lake kwapani. Ramani ilikuwa nzuri. Hakuwahi kuchora kitu kizuri kama kile. Lakini sasa kila alipoitazama alimwona Mapendo amekaa pembeni mwa barabara ndefu, viatu vipya vimejaa vumbi, gongo limelala kando, na wenzake hawajui wamsubiri au waendelee. Alijaribu kuota kitu kingine, asiweze. Alifikiria kufuta vitu viwili na kukaa kimya, nani angejua? Alifuta kimoja. Kisha akagundua kwamba hata hivyo vilivyobaki hajui viko wapi, lakini daftari akalipeleka kwa mwalimu vilevile.

Jumapili baada ya misa wazazi walikaa kwenye mabenchi. Mwalimu Sévère alisoma programu kwa sauti ya fahari, akaonyesha ramani, na wazazi wakaitikia kwa vichwa. Alipomaliza, mama yake Mapendo alisimama. Hakumtazama mwalimu. Alimtazama Amandine.

"Mwanangu, weye ulifikaka kule. Minye sijafika. Uniambie tu: mutoto wangu ataweza?"

Angesema ndiyo, ingekwisha. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Amandine alimwangalia Mapendo, aliyekuwa amekwisha kuvaa vile viatu, eti anavizoesha.

"Sijui, Mama," alisema. "Sijafika Buja hata siku moja. Tantine yangu iko Bwegera. Hii ramani niliichora kutoka kwa bomba."

Claude alisonya. Baba mmoja alisema kwamba mambo ya watoto ni haya, heri wabaki nyumbani, na wengine wakamuunga mkono. Mwalimu Sévère alifunga daftari polepole, na uso wake ulimuuma Amandine kuliko msonyo wa Claude, kwa sababu alionekana ameaibika kwa kumwamini. Mapendo alikuwa akitazama viatu vyake. Machozi yalimtoka Amandine, naye hakuyafuta.

Ndipo Mama Émérance aliponyanyuka kutoka benchi la nyuma.

"Amesema mbele yetu wote, na hakuna aliyemkamata," alisema. "Munipe huyu mutoto siku tatu. Programu tutaiandika upya, na ile siku minye nitaenda pamoja nao. Kama bado haiwapendezi, basi wabaki."

Wazazi walikubali, shingo upande.

Siku tatu zile hazikuwa na ndoto nyingi. Amandine alimfuata Mama Émérance kila mahali na daftari mkononi. Aliwauliza wanawake wa mawese, akawauliza madereva wa parking: mtu anashukia wapi, anasubiri gari muda gani, kuna kivuli, kuna choo, mtu wa gongo anapita? Dereva mmoja alimuuliza kama anaandika kesi. Mnara ulifutwa. Uwanja wa ndege ungeonekana kwa dirishani tu, wakati wa kupita. Yalibaki mambo mawili: bustani ya mamba, na kula chakula ufukweni. Programu nzima ilienea nusu ukurasa. Mama yake Mapendo aliisoma mara mbili, akauliza kuhusu kivuli, akajibiwa, akakubali.

Waliondoka Alhamisi, kukiwa bado na ubaridi. Pale mpakani walishuka na kuvuka kwa miguu, kila mmoja na karatasi yake mkononi, na Mapendo alitangulia, wenzake wakafuata mwendo wake. Barabara ya ng'ambo ilikuwa ndefu kweli. Uwanja wa ndege ulipita, wakaona mkia mmoja mweupe nyuma ya ukuta, wakaupigia makofi. Mamba walilala bila kumjali mtu. Claude alimwogopa nyoka aliyekuwa nyuma ya kioo, na tangu hapo hakusonya tena.

Alasiri walikaa ufukweni, chini ya kivuli kilichoandikwa programuni, wakala mandazi na samaki. Hewa ilikuwa safi. Ng'ambo ya maji ilisimama milima ya buluu, na chini yake mstari mwembamba wa nyumba.

"Uvira ile," alisema Claude. "Amandine, Kilibula iko wapi pale?"

"Sijui," alijibu Amandine, na safari hii neno lile lilitoka bila kumkwaruza.

Alifumba jicho moja, akanyoosha mkono, akainua kidole gumba. Uvira yote ikaingia nyuma yake. Alishangaa. Nyuma ya kidole kile kulikuwa na njia ya mawe inayochosha magoti, foleni ya bido, mama yake akianika nguo, parokia na mabenchi yake yote.

"Haiwezi kuenea," alinong'ona.

Mapendo naye alijaribu kwa kidole chake. "Toka kwetu mpaka shule peke yake, na gongo hii, ni nusu saa," alisema. "Na shule siioni."

Mama Émérance alikuwa amevua viatu, miguu iko majini.

"Munaona sasa," alisema. "Kitu cha mbali kinakuwa kidogo, na mutu anafikiri anakijua. Kuota si vibaya, Amandine. Bila ndoto yako, pengine hatungekaa hapa leo. Lakini wengine wakianza kutembea ndani ya ndoto yako, lazima useme kile unajua na kile haujui, halafu uulize. Aibu ya kuuliza inapita siku moja. Huyu rafiki yako angebaki barabarani kwa sababu ya neno moja."

"Nimesikia, Mama," alisema Amandine. Kisha akamgeukia Mapendo. "Unisamehe."

"Viatu vilipona," alisema Mapendo. "Nimekusamehe."

Mwalimu Sévère alitazama saa, akasema programu inawataka garini baada ya dakika kumi. Amandine hakusimama mara moja. Alikuwa bado anatazama ule mstari mwembamba ng'ambo ya maji.

"Labda sasa hivi," alisema, "kuna mutoto pale kwa bomba anatuficha sisi wote na kidole chake."

Mapendo alifikiri kidogo. Kisha akajiegemeza begani kwa Amandine, akainua gongo lake juu, akaipungia Uvira.