Dirisha Linalotazama Saluni

Soko la Kitale lilikuwa limefurika siku ile ya mwaka 1996, Kipruto alipokanyaga uzi wa manjano wa msichana asiyemjua.

"Wewe kijana, huoni?"

"Pole, mrembo. Nimeshinda kwenye kompyuta. Jioni mimi huona ukungu tu."

"Ukungu, na bado umeona mrembo?"

Msichana akacheka. Jina lake Lenah, mfumaji wa sweta za shule huko Bungoma. Kipruto alichapa barua za watu kwa kompyuta, ghorofani katikati ya mji. Tangu hapo, kila Ijumaa Lenah alipanga foleni kwenye kibanda cha simu ampigie Kipruto.

"Macho yanaendeleaje, mpenzi?"

"Yanawasha, yanatoa machozi. Nikikusikia napona."

"Mwongo wewe!"

Mwezi wa Agosti Lenah alikwenda Kitale bila kumwambia, amevaa blauzi nyeupe na sketi ya marinda. Alipofika chini ya ofisi akamwona Kipruto dirishani, ameacha kazi, ametulia, anatazama ng'ambo ya barabara. Lenah akageuka. Mlangoni pa saluni alisimama msusi mwenye gauni jekundu lililombana kiuno, akimpungia Kipruto kitana.

Moyo ulimwaka. Akapanda ngazi mbiombio.

"Kumbe hiyo ndiyo dawa ya macho! Gauni jekundu!"

"Lenah! Daktari alisema kila mara niache kioo cha kompyuta, nitazame mbali, macho yapumzike."

"Si utazame mlima!"

"Jengo la saluni limeuziba, bana. Na kutoka hapa naona rangi tu. Sijui hata kama ni mtu au ni nguo imeanikwa."

Lenah alishuka ngazi. Alivuka barabara hadi kwa yule msusi, Jepkemboi.

"Yule wa dirishani ni mtu wako?"

"Yule? Nampungia tangu Pasaka, hata kutabasamu hajui. Ana maringo, ati!"

Lenah aliona haya, lakini wivu haukumtoka wote. Wiki iliyofuata alikodi nusu ya baraza ya saluni, akaweka mashine yake ya kufumia mbele kabisa, naye amevaa sweta ya manjano. Kipruto alipoinua macho, rangi ilikuwa imebadilika. Akashuka.

"Lenah? Unafanya nini hapa?"

"Si unatakiwa utazame mbali? Basi nitazame mimi. Yule mwingine nimemziba."

Kipruto alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hapa ni mbali mno. Nikifunga kompyuta jioni nataka uwe karibu, hata nikiona ukungu nijue ni wewe. Nilete wazee kwenu lini?"

Lenah aliinamia uzi wake.

"Jumamosi. Lakini nina dada wawili. Utakaa ukitazama ukuta."