Ukingo wa Mto Mkavu

Gari lilikohoa katikati ya ukingo, likatetemeka kama mtu aliyepaliwa, kisha likaanza kurudi nyuma. Kijana alivuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote, lakini mchanga ulikuwa laini kama unga. Waliteleza mpaka chini, katika mto mkavu walikotoka, na vumbi likawafunika yeye na baba mkwe wake kwa pamoja.

Daraja la barabara kuu lilikuwa limevunjika, ndipo wakaamua kukata njia jangwani wafike kwenye zahanati ya mbali ambako mke wa kijana, binti wa huyo mzee, alikuwa muuguzi. Kushuka mtoni hakukuwapa taabu, ila dumu la maji liligonga mwamba likapasuka, na ukingo walioshukia ukamomonyoka nyuma yao. Sasa walikuwa na chupa moja ya maji, jua la utosini, na ukingo mmoja tu wa kupanda. Hapakuwa na mtu wa kuwapitia.

Gari lenyewe halikuwa limekufa, na hilo ndilo lililomkera zaidi kijana. Kwenye tambarare lilikwenda kwa adabu. Akilikanyagia mafuta taratibu, lilitii. Akilikanyaga mpaka mwisho ili lipande, lilivuta kidogo, likasita, likakata pumzi. Yeye aliendesha gari la kusambaza mkate na alizijua injini zenye kiburi, lakini hii ilikuwa ikimdhihaki.

Alifungua plagi akazisugua. Akajaribu, gari likapanda vizuri, moyo wake ukapanda nalo, kisha likasita palepale. Akapoza hasira, akafungua filta ya mafuta, akaipuliza mpaka mdomo ukawaka kwa petroli. Likapanda tena, likasita tena. Kila tengenezo lilifaa kwa kitambo kidogo, kisha likamcheka. Alitamani kulipiga teke, ila lilikuwa zawadi ya harusi kutoka kwa mkwewe, na mkwewe alikuwa amesimama hapo hapo akimtazama.

Mzee alikuwa fundi wa pampu za maji kabla ya kustaafu. Gari alilitunza kwa mikono yake miaka mingi, na kila kijana alipolisifu, alikohoa kwa fahari. Ndiyo maana tangu asubuhi kijana hakuwa amesema neno moja baya juu ya gari hilo. Mzee naye alikuwa na lake la kuficha. Alipokuwa akilisukuma, kijana akiwa usukanini, gurudumu lilirusha jiwe likampasua muundi, na yeye akashusha suruali juu ya damu, akaendelea kusukuma.

Kijana aliliona doa likienea kwenye kitambaa. Bila kuomba ruhusa alipiga magoti, akachana shati lake, akafunga jeraha. Lilikuwa refu, limejaa mchanga. Mzee alisema ni mkwaruzo tu. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na alipopewa chupa aliilowanisha tu, akairudisha.

Kilichobaki kuangaliwa kilikuwa mafuta yenyewe, kama yana maji au uchafu. Kijana akaenda nyuma kufungua mfuniko wa tangi. Ulikuwa umeviringishwa mpira wa tyubu, ukakazwa kwa waya, kazi safi ya mtu mwangalifu. Alipoulegeza, tangi lilivuta hewa kwa nguvu, sauti ndefu kama ya mtu aliyeibuka majini.

Akasimama pale na mfuniko mkononi. Sasa alielewa. Tundu dogo la kupumulia lilikuwa limezibwa. Injini ilipodai mafuta mengi, tangi halikuwa na hewa ya kuyaachilia, na kila alipopumzisha gari ili atengeneze kitu, hewa iliingia kidogo kidogo. Kumbe hakuwa ametengeneza chochote. Hasira ilimkaba, kisha akakumbuka mpira huo ulifungwa kwa nini: mke wake alipokuwa mjamzito, harufu ya petroli ilimtapisha, na baba yake akaahidi kuikomesha.

Alirudi kwa mzee, akachuchumaa.

"Baba, nikuulize la pampu. Tangi likizibwa juu kabisa, pampu itavuta?"

"Itavuta kidogo, halafu itashindwa. Hata mwanafunzi wa..."

Mzee alitazama mfuniko, akautazama ukingo, akaitazama chupa ya maji. Kisha akanyoosha mkono, akauchukua mfuniko, na kwa meno na kucha akaung'oa mpira wote.

"Ulijua tangu lini?"

"Sasa hivi, Baba."

"Basi ungesema sasa hivi. Tunakufa kiu, wewe unanipa mtihani."

Alitaka kusukuma tena. Kijana akamfungulia mlango akamwambia, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwake, kwamba leo atakaa. Mzee akakaa.

Kijana akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Gari lilinguruma, likapita pale liliposita, mchanga ukaruka juu ya kioo, mbele pakawa mbingu tupu, kisha magurudumu yakashuka kwenye ardhi ngumu. Hakuna aliyeshangilia. Mzee alifumba macho tu, na kijana akaelekeza gari upande wa zahanati.

Jua lilikuwa limelegea walipoona bati la zahanati. Muuguzi aliwanywesha maji kwa vijiko, hawakuruhusiwa kugugumia, kisha akaosha muundi wa baba yake. Mzee alimsimulia yote kabla hajaulizwa. Alipofika kwenye mpira hakuharakisha. Alisema aliuweka yeye.

Kisha akamgeukia kijana. "Kuanzia leo, ukiona kasoro kwenye gari lile, niambie usoni."

Kijana alimeza maji yaliyokuwa mdomoni.

"Breki nazo hazishiki, Baba. Tangu siku ya harusi."